Kuvundika na Kuvunda

Mwandishi wa makala haya aliharibu mambo kabla hata hajashika kiberiti. Alikuwa ameketi katika mkahawa mmoja wa Kikuba mjini Tampa, Florida, mgeni wa wiki mbili nyumbani kwa shemeji yake, na kwenye orodha ya vyakula akaona neno "maduros". Bei yake dola chache tu. Siku tatu nzima shemeji alikuwa amemjaza kichwa kwa habari za sigara nene ziitwazo maduro, ambazo moja tu huweza kuuzwa kwa dola 20 na zaidi. Akaona hii ni bahati ya mtende. "Niletee nne," akamwambia mhudumu, "mbili za hapa hapa, mbili za kufunga."

Mhudumu alimtazama kidogo, akaandika. Baada ya dakika kumi ziliwasili sahani mbili za ndizi mbivu za kukaanga, zinang'aa mafuta, pamoja na maboksi mawili ya kwenda nayo nyumbani.

Mhudumu hakukosea. Kwa Kihispania, maduro ni kitu kilichoiva, kiwe ndizi au jani la tumbaku, na mtu aliyekulia Tanga hakupaswa kabisa kushangaa. Bibi yake alikuwa akifunika mkungu wa ndizi kwa majani makavu ndani ya pipa na kuuacha humo siku nne. Kazi hiyo inaitwa kuvundika, na ndiyo hasa inayofanyiwa tumbaku ya maduro. Shida ni kwamba kati ya kuvundika na kuvunda pana silabi moja tu, na mwandishi huyu amewahi kuidondosha.

Tuanze na ufundi. Sigara hizi, ambazo kamusi huziita biri ingawa mtaani ni nadra kulisikia neno hilo, husokotwa kwa mkono kwa majani mazima: ya ndani, la kufungia, na la nje. Maduro ni sifa ya lile la nje. Si kila jani huvumilia mateso hayo. Linatakiwa nene, kama lile pana la Connecticut au lile la San Andrés, katika jimbo la Veracruz huko Meksiko. Majani hurundikwa hadi rundo lianze kupata joto lenyewe bila moto, joto linaloweza kupita nyuzi 50, huku harufu ya amonia ikichoma pua za waliomo ghalani. Rundo hupinduliwa, la juu likaenda chini na la ndani likatoka nje, kisha hurundikwa tena. Jani la maduro hukaa humo muda mrefu kuliko majani ya rangi nyepesi, mpaka liwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa sana. Wapo pia watengenezaji wasio na subira wanaolipaka rangi. Hao tuwaache na mioyo yao.

Baada ya hapo unakuja uzee. Cohiba ya Kuba ilipotoa aina yake ya Maduro 5 mwaka 2007, ile 5 ilikuwa miaka ambayo jani la nje lilikuwa limelazwa kabla ya kusokotwa. Mwandishi alitamani kuionja, lakini Wamarekani wana vikwazo vyao vya biashara na Kuba tangu Februari 1962. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy, alisimulia baadaye kwamba bosi wake alimtuma kwanza atafute sigara 1,000 za Kikuba kabla ya asubuhi. Alipata 1,200. Kennedy alipohakikishiwa zimefika, ndipo akatoa karatasi ya vikwazo mezani na kutia sahihi. Huyo alijua kupanga akiba.

Usiku wa kuonja sigara nyingine ulifanyika Ybor City, mtaa wa Tampa ulioanzishwa na Vicente Martínez Ybor miaka ya 1880 kwa ajili ya viwanda vya sigara. Viwanda vingi vilishafungwa, lakini majogoo wamebaki. Wanazurura barabarani na hata kwenye meza za mikahawa, na sheria ya jiji inawalinda. Ole wako ukimtupia mmojawapo jiwe. Kwa Mswahili aliyezoea jogoo wa kuchinjwa sikukuu, hilo peke yake lingetosha kuwa safari.

Mezani palikuwa na watu sita, karatasi za alama, na sigara mbili kwa kila mmoja, pete zake za karatasi zimevuliwa ili mtu asihukumu jina. Ndivyo wafanyavyo hata waonjaji wa jarida la Cigar Aficionado, lililoanza mwaka 1992 na ambalo hutoa alama kati ya 100. Sigara moja ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya pili ilikuwa nyeusi kama kahawa ya kibarazani. Mwandishi, mtu wa tahadhari, akaamua kuanza na ile ya maziwa.

"Shemeji, umekula?" aliulizwa.

"Nimejizuia, ulimi uwe safi."

Mpaka leo shemeji huirudia kauli hiyo kila penye harusi. Tumbo tupu lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba rangi ya jani la nje haisemi chochote kuhusu ukali. Ukali unatoka ndani, hasa kwenye majani ya juu kabisa ya mche, yanayopigwa na jua kuliko mengine, ambayo wasokotaji huyaita ligero. Ile ya maziwa ilikuwa imeshindiliwa ligero kutoka Estelí, Nikaragua. Isitoshe, sigara ya namna hii huvutwa taratibu, pumzi moja kwa dakika hivi, na moshi hauingizwi kifuani. Unazungushwa mdomoni na kuachwa. Mwandishi aliivuta kama mtu anayesubiri daladala. Hata theluthi ya kwanza haijaisha, jasho baridi lilikuwa linamtoka, na nje akawaona majogoo wanne mahali penye jogoo mmoja. Wazee wa sigara wana dawa yao, sukari. Shemeji akamkabidhi vipakiti sita, akavilamba kimoja kimoja kama mtoto aliyefungiwa stoo. (Sukari haifuti lingine lolote: hata bila kuumeza, moshi huu huleta saratani ya mdomo na koo, na uzee wa jani haupunguzi kitu.)

Saa moja baadaye, tumboni mkiwa na sandwichi, alirudi kwenye ile nyeusi. Hapa lazima haki itendeke: ilikuwa tamu. Si tamu ya sukari, bali ile inayobaki kwenye kona za mdomo ukishatafuna tende. Wenzake waliandika kwa kasi. Kakao. Zabibu kavu. Pilipili manga. Mmoja akaandika "ngozi", na wengine wakatikisa vichwa kwa heshima, ingawa hakuna hata mmoja pale aliyewahi kula kiti. Hiyo ndiyo kasoro ya uonjaji, watu huazima maneno ya waonjaji waliowatangulia. Mwandishi hakuwa na pa kuazima. Akaandika alichokikuta: halua inayokaribia kushika chini ya sufuria.

Mzee mmoja wa Kikuba aliyeketi pembeni akauliza halua ni nini. Akaelezwa: wanga, sukari, samli, iliki, na mwiko usiopumzika. Mzee akafumba macho, akavuta mara moja, akaachia moshi polepole. Kisha akatoa daftari mfukoni, akaomba aandikiwe neno hilo herufi kwa herufi. Ile nyeusi ilikuwa yake. Aliinunua mwaka 2012 na kuihifadhi tangu hapo ndani ya sanduku la mbao za mwerezi. Mwandishi alikuwa ameipa 94. Wakati wa kuagana mzee akamtia moja mfukoni na kumwambia aiache ilale.

Ililala Tanga, kwenye droo ya soksi. Sigara hizi hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Tanga mara nyingi hupita hapo bila kuombwa. Mwezi wa pili jani likaota unga mweupe. Mwandishi alishasoma kwamba wapo wanaouona unga huo kuwa dalili ya uzee mtukufu, akatuma picha Tampa kwa fahari. Jibu likaja kwa haraka: "Shemeji, huo ni ukungu. Futa." Likafuata onyo jingine, kwamba kuna mdudu wa tumbaku ambaye mayai yake hujificha ndani ya jani na kuanguliwa joto likizidi nyuzi 24. Nyuzi 24 Tanga ni usiku wa baridi! Dawa yake ni kugandisha: sigara ifungwe isipitishe hewa, ikae kwenye friza siku kadhaa, kisha ihamie kwenye friji siku moja, ndipo itoke.

Mwandishi aliifunga kwa gazeti. Aliiweka friza juu ya vipande vya nguru, akaisahau wiki tatu, kisha akaitoa na kuipeleka moja kwa moja barazani, saa saba mchana. Jani la nje likapasuka kwa sauti ndogo, kama yai.

Aliivuta hata hivyo, mbele ya majirani wawili, karatasi ya alama mapajani. Theluthi ya kwanza: nguru. Theluthi ya pili: nguru na wino wa gazeti. Ya tatu haikufikiwa. Akaandika 62, na kwa vipimo vya lile jarida, chochote kilicho chini ya 70 ni kupoteza fedha. Mkewe hakuigusa sigara, ila alimpika nguru, akaonja mchuzi, akaweka kijiko chini.

"Baba watoto," alisema, "samaki ana tumbaku."

Nguru akapata 40. Mkungu wa ndizi uliovundikwa stoo Jumatatu ya wiki hiyo uliiva Ijumaa, wote, bila hata ndizi moja kuharibika.