Kengele za Bwana Kunguru

Katika nchi ya Minazini, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, hapakuwa na fundi aliyemfikia Mnana kwa kufuma. Huyo huchana ukuti mbichi uzi kwa uzi, akaupenyeza na kuukaza kwa mdomo, na kabla jua halijatua kiota kinaning'inia, mlango chini, na mchumba yuko tawini akikikagua kwa jicho la asiyedanganyika. Sharti la kazi ile ni moja: uzi ufumwe ungali mbichi, kwani ukishakauka hauna mapatano.

Ndipo akaja Kunguru kutoka ng'ambo, shingo ya kijivu, maneno ya asali, akagawa kengele. Bure! Kila kiota kikafungiwa yake, zote zikaungwa kwa kamba, ili mtu akipiga chafya mnazi wa kaskazini, wa kusini naye apate kujua papo hapo. Nani akataaye cha bure? Mji ukapiga vigelegele.

Basi Mnana yuko kwenye kitanzi cha tatu, kengele ikalia: Chiriku ameoga. Akauacha uzi, akaenda, akatazama, akasifu. Aliporudi alikuwa amesahau uzi ulipita juu au chini. Alipokumbuka, kengele ikalia tena: wawili wanagombea panzi aliyekwisha kuliwa jana. Hilo nalo lilimdai rai yake, maana asiyetoa rai siku zile alihesabiwa maiti. Kufika alasiri ukuti ulikuwa wa hudhurungi, ukamkatikia mdomoni. Mchumba alikuja, akavuta uzi mmoja, kiota kizima kikamfuata, akaenda zake bila kuaga. Kengele ikalitangaza hilo pia, na mji mzima ukaacha kazi kuja kutazama.

Kunguru hakudai hata senti. Kamba zote ziliishia kwake, na kwa mtikisiko wa kamba hizo alijua nani yumo na nani katoka. Mayai nayo yakawa yanapungua, watu wakausingizia upepo.

Shangazi Hondohondo peke yake ndiye aliyeikataa kengele. Msimu wake ulipowadia aliingia katika tundu la mbuyu, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitishiwa matunda na mumewe.

"Shangazi, habari zitakupita!"

"Zipite, wanangu. Ya msiba nitaitwa. Hayo mengine nani kanituma?"

Wakanong'onezana kwamba uzee umemwingia.

Hatimaye wazee wakakaa kikao, ambacho kengele zilikivunja mara si haba, kuchunguza kwa nini viota haviishi. Wakaafikiana kwamba kosa si la kengele, ni la uvivu wa vijana. Kwa hiyo ujumbe uende kwa Kunguru ukamwombe kengele ya pili, ya kuwakumbusha watu kuwa sasa ni wakati wa kutoisikiliza ile ya kwanza. Kunguru akaisifu sana hekima yao. Alikuwa nazo tayari, za shaba, kapu tele. Ila hizi, akasema huku akijipangusa ute wa yai mdomoni, hizi zina bei.