Mteja Mwekundu

Jamani, mimi ni karani wa udahili. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kaunta buku moja, peni ya bluu na sauti ya ukali. Mwombaji akipiga, naandika jina. Akipiga tena, namwambia asubiri. Nilikuwa naheshimika.

Balaa lilianzia mbali. Toka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, walikuwa wanapokea maombi ya digrii sehemu moja, sisi tunaletewa majina tukinywa chai. Ilipofika 2017 wakasema kila chuo kijipokelee waombaji wake. Vyuo tukaanza kugombania watoto kama makondakta pale Mbagala. Mabango, redio, vipeperushi. Juzi bosi kaleta mfumo. Eti wa kusimamia uhusiano na wateja.

Wateja? Mimi mteja ninayemjua ni yule asiyepatikana kwa sasa.

Tukapewa semina siku mbili. Kijana wa IT anaongea, mimi natikisa kichwa. Sikuambulia kitu zaidi ya soda mbili. Akasema kila mtu aingize mwombaji wa majaribio. Wenzangu wakabuni majina. Mwenzenu nikaandika langu, na namba yangu ya simu, na matokeo yangu ya kidato cha nne. Kozi nikabonyeza iliyokuwa karibu na kidole: Diploma ya Uuguzi.

Kumbe majaribio yaliisha asubuhi.

Saa tisa usiku meseji ikaingia: "Mpendwa, bado tunakusubiri. Malizia ulichoanza." Nani kaisoma? Mama watoto. Sasa jaribu wewe kumweleza kwamba huyo anayekusubiri ni ofisi. Nililala sebuleni siku nne, na kochi letu unalijua.

Kujifuta siwezi, sina ruhusa. Nikajisajili upya nikidhani yule wa kwanza atafutika. Tukawa wawili. Meseji zikaja mbilimbili. Kwenye dashibodi ya bosi nikawaka rangi nyekundu, maana yake mteja hajafuatiliwa. Wa kumfuatilia nani? Mfumo umenipangia mimi. Nikajipigia. Inatumika. Nikajaza ripoti: mteja yuko kwenye simu nyingine.

Bosi akafoka, "Huyu mtu siku 14 mmemwacha tu?" Nikaona yaishe. Nikalipa elfu kumi ya fomu, hela ya mboga ya nyumbani, ili nigeuke kijani.

Nikageuka. Ijumaa nikapata barua. Sijachaguliwa. Uuguzi wanataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, walau D. Kemia nina F. Na ofisi nzima nilishawaambia nilipata C, tena kwa mbwembwe. Barua ina mhuri wa chuo na chini yake sahihi yangu mwenyewe.

Ada ya fomu hairudishwi, sharti hilo niliandika mimi. Mwenye elfu kumi anikopeshe, yule mimi wa pili bado ni mwekundu.