Jinsi ya Kuwa Mtu wa Dar Bila Kuondoka Ukata

Uko kijijini Ukata, Songea hujaivuka, lakini ukweni umeshasema unaishi Dar. Safi. Lafudhi umeiokota redioni, miwani umeazima. Kimebaki kitu kimoja cha kukuchoma: nywele.

1. Mjue mbeya wako. Unywele hujengwa kwa unachokula na unachokunywa, nao hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukifuga sentimita 6, umebeba kichwani daftari la nusu mwaka. Oksijeni ya maji ina atomi nzito na nyepesi, ndizo ziitwazo isotopu. Wingu likipanda milima ya Umatengo hutua mizigo mizito kwanza, kwa hiyo mvua ya juu ni nyepesi. Ziwa Nyasa nalo hupoteza maji mengi kwa mvuke: nyepesi huondoka, nzito hubaki. Basi anayekunywa ziwa kule Mbamba Bay na anayekunywa chemchemi za Mbinga hawafanani vichwani, hata wakinyolewa na mashine moja. Utani? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walikusanya nywele kwa vinyozi wa miji mingi wakaonyesha kwamba zinafuata maji ya mahali.

2. Badili maji. Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu. Agiza madumu yaje na basi. Ya kunywa, ya kupikia, hata ya uji. Najua, kwa gharama hiyo ungeshahamia Dar kweli, lakini huo ni mwongozo mwingine.

3. Achana na ugali. Mahindi yana kaboni nzito, kaboni-13, nyingi kuliko wali, muhogo, ndizi na maharage, na unywele huiandika. Mtu wa Dar wa kweli anakula ugali vizuri tu, ila wewe unamwigiza yule wa kwenye simu, anayekula chipsi. Sukari ya miwa nayo ina alama ileile ya mahindi. Kunywa chai bila sukari, useme ni mambo ya afya. Pombe ya komoni ndiyo usiiguse kabisa: mahindi ya hapa, ndani ya maji ya hapa.

Wala usidhani utakula usiku watu wakilala. Kule Kenya tembo dume aitwaye Lewis alikuwa akitoka Samburu kwenda msitu wa Imenti. Utafiti wa mwaka 2006 ukasoma singa za mkia wake, na watafiti wakahitimisha kuwa huko alikuwa akivamia mashamba ya mahindi. Tembo mzima, kachomwa na mkia wake mwenyewe. Na hakuwa hata na shemeji wa kumringia.

4. Ukishindwa yote hayo, nyoa kipara. Daftari limefutwa! Ila zitakazoota zitaanza kuandika upya, kwa hiyo rudi namba 2. Dada zangu, wigi la nywele za binadamu linasaidia, mradi ukumbuke kwamba nyingi hutoka India. Maabara itasema unaishi India. Ukweni hawatalalamika.

5. Usiache nywele sakafuni kwa kinyozi. Nenda na kimfuko, okota zote, hata za kisogoni. Akikuuliza unazipeleka wapi, usimtajie isotopu, atakuona umechanganyikiwa. Mwambie unaogopa wachawi. Atafunga mlango na kukusaidia kufagia.