Rambirambi za Muuza Maua

Mwenyezi Mungu aliponijalia masikio hakunijalia pamoja nayo akili ya kupambanua baina ya chombo kilichoharibika na kazi ya msanii aliyekusudia isikike kama imeharibika, na kwa upungufu huo nimeingia katika fadhaa ambazo wapenzi wa mpira au wa bao hawazijui. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Tanga, nikikaa kwa shangazi yangu, mjane mwenye staha, ambaye anasa yake ya pekee duniani ilikuwa kanda za taarabu za Black Star na Lucky Star, alizozifunga kwa kitambaa kama vito vya urithi. Anasa zangu mimi zilikuwa mbili: muziki wa roki, tena ule wa pembeni unaoitwa mbadala, na gemu moja ya Kijapani ambayo habari yake inakuja.

Kanda ya kwanza niliyoimiliki ililetwa na binamu yangu kutoka Uingereza. Ilikuwa Loveless, kazi ya mwaka 1991 ya My Bloody Valentine, kundi lililozaliwa Dublin. Nilipoitia redioni, magitaa yalipanda na kushuka, yakapinda na kulegea, kama redio ambayo betri zake zinakata roho. Sikujua wakati ule kwamba kiongozi wao, Kevin Shields, hupiga gitaa huku ameshika kile chuma cha kulegezea nyuzi, akikiyumbisha bila kukiacha, wala kwamba kundi lile lilihamahama katika studio 19 kwa muda wa kama miaka miwili likiutafuta uyumbaji ule ule ambao mimi, kwa wema wa moyo wangu, nilidhamiria kuuondoa. Hima nikaibeba redio kwa fundi.

Fundi aliisikiliza kanda yangu amefumba macho, mfano wa tabibu anayepima mapigo ya moyo. "Bwana mdogo," akasema, "mota imechoka." Akatia bisibisi katika kitundu kilichoko nyuma ya mota, akazungusha, akasikiliza, akazungusha tena, mpaka akatosheka kwamba amefanya yaliyo katika uwezo wa binadamu. Loveless haikunyooka hata kidogo. Iliyumba vile vile, ila sasa iliyumba kwa haraka. Jioni Shangazi akatia taarabu yake, na kinamama wale wenye sauti nzito za heshima wakaanza kuimba kama chiriku waliofukuzwa mtamani.

"Mwanangu, hawa wamepatwa na nini?"

"Mota, Shangazi."

"Mota ya nani?"

Sikuwa na jibu. Redio ilirudi kwa fundi mara mbili, na mwendo wa taarabu katika nyumba ile haukupata kuwa kama zamani.

Kwa insafu, sijuti. Loveless ndiyo kazi ninayoiweka mbele ya zote za mwaka ule, mbele hata ya Nevermind ya Nirvana, na hukumu hiyo imewahi kunikosanisha na rafiki yangu wa dawati moja. Nevermind ina nyimbo nzuri kuliko ninavyopenda kukiri mbele yake, lakini imepigwa pasi mno. Nguo ya mtu mwenye hasira haifai kuwa na mistari iliyonyooka kiasi kile. Tena ina hila. Wimbo wake wa mwisho ulioandikwa jaladani ni wa upole, sauti ya chini chini na fidla kubwa ikilia nyuma, na baada yake pana ukimya wa kama dakika 10, kisha bila salamu wala hodi unalipuka wimbo uliofichwa, ambao ni makelele matupu ya watu wanaovunja vyombo vyao.

Nilikuwa nimekwisha kupata mashine ya PlayStation, iliyotumika miaka mingi kabla yangu, na mashine ile husoma sahani za muziki kama isomavyo za gemu. Usiku mmoja niliiweka Nevermind. Ule wimbo wa upole ulipofika nikaongeza sauti ya televisheni ili niusikie vyema. Ukaisha, nikasinzia, na sauti nikaiacha palepale juu. Sina haja ya kueleza lililofuata baada ya dakika 10. Shangazi alitokea mlangoni, kanga kichwani na mwiko mkononi, akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya mtu asiyekusudia kushindwa. Nilipoizima mashine nikamwambia kwamba ule ulikuwa wimbo.

"Wimbo?" akauliza. "Basi mwambie mwenyewe kwamba sisi tumelala."

Asubuhi nilimsimulia rafiki yangu, naye akaapa kwamba wimbo huo haupo, nimeota, maana sahani ya kaka yake inanyamaza na kunyamaza kabisa. Tulinuniana wiki nzima. Kumbe sahani za mwanzo zilizochapwa ziliukosa wimbo ule kwa kosa la kazi, na kila mmoja wetu alikuwa na haki yake.

Sasa ile gemu. Final Fantasy VII ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Square, imegawanywa katika sahani 3, nayo si ya kukimbia na kupiga risasi bali ya kuishi: unamchukua Cloud, askari wa kukodiwa mwenye upanga unaokaribia kimo chake, unamkusanyia masahibu, unawavisha, unawafunza, na pamoja nao unapigana na Shinra, kampuni inayofyonza uhai wa dunia yenyewe ili ipate umeme. Mwaka huo huo Radiohead walitoa OK Computer, na mpaka leo nashikilia kwamba kazi hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote zinamlilia mtu aliyemezwa na mitambo. Rafiki yangu alisema udugu wao ni kwamba zote mbili hakuna aliyezielewa kwetu.

Miongoni mwa masahibu wale alikuwamo Aeris, binti muuza maua. Nilimlea kuliko wenzake wote. Kiingereza chake nilikihifadhi kwa moyo, nikiamini kwamba maneno yaliyochapwa na kampuni kubwa namna ile hayana budi kuwa fasaha, na nilitumia masiku mengi kumtafutia dua yake kuu, ile inayowaponya masahibu wote na kuwakinga wasidhurike kwa muda. Mwishoni mwa sahani ya kwanza, amepiga magoti akiomba, Sephiroth akashuka kutoka juu akamchoma kwa upanga.

Nilijua mara moja kwamba mashine imepata joto. Ithibati ilikuwa muziki: pambano lilipoanza, badala ya ngoma za vita ukaendelea ule muziki wake mwororo uliotungwa na Nobuo Uematsu, kana kwamba mashine imekwama. Nikaizima, nikaipumzisha, nikaigeuza miguu juu kama tulivyozoea kuzitibu mashine zile, nikarudi nilipokuwa nimesevu. Akafa. Nikarudi tena. Akafa tena. Mjukuu wa Shangazi, mtoto wa miaka kumi, akaniambia kwa upole, "Mjomba, mwache apumzike."

Asubuhi ya siku ya tatu Shangazi aliniona macho mekundu, chai imepoa mbele yangu, akauliza kulikoni. Nikajibu bila kufikiri kwamba kuna binti amekufa.

"Inna lillahi! Binti wa nani?"

"Muuza maua, Shangazi."

"Amezikwa wapi?"

"Majini."

Akashika kifua. Kabla sijapata ulimi wa kufafanua alikwisha vuka ua, na muda si muda jirani wawili wakaingia na kilo mbili za mchele na sukari, wakakaa mkekani, wakanihimiza nisubiri, wakauliza hitima ni lini. Mmoja alisema anamkumbuka marehemu, alikuwa akipita na kapu la asumini siku za Ijumaa. Mjukuu alikaa pembeni akiyajua yote, na kimya chake nilikinunua kwa zamu yake ya kucheza mpira mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ile sikwenda shule, na kanuni ilidai barua ya udhuru kwa Kiingereza. Kuandika msiba dhamiri ilinikataza. Nikaandika kwamba nyumbani pana mgonjwa, na kwa kuwa nilitaka sentensi isiyo na shaka, niliichukua nzima nzima kutoka kinywani mwa Aeris, anapomweleza mwenzake habari za mtu mmoja aliyelala hoi. Mgonjwa ni mmoja, kitenzi ni cha wingi. Mfasiri aliteleza, na katika gemu nzima niliyoituhumu usiku kucha, hapo ndipo nilipopaamini.

Mwalimu alikizungushia kitenzi wino mwekundu mara tatu, akaniita mbele ya darasa, akauliza Kiingereza hicho nimefundishwa na nani.

"Na marehemu, Mwalimu," nikasema.