Shangazi Anajibu: Kikohozi cha Kwenye Bao

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Nilichukua elfu hamsini nikabeti, mkeka ukachanika. Nikachukua laki nikomboe hamsini, nayo ikaenda. Daftarini nimeandika kwamba pesa iko kwa mkopaji. Desemba tunavunja kikoba. Mimi si mwizi, nataka kurudisha tu.
— Mama Mahesabu, Tandika

Marahaba, mwanangu. Nakuamini, na hapo ndipo ninapoogopa. Mwizi huiba akatosheka. Anayetaka kurudisha tu hana pa kusimama.

Muulize Nick Leeson, Mwingereza aliyeifanyia benki ya Barings biashara ya soko la mitaji kule Singapore. Alianza kwa kuficha kosa la mwenzake, pauni 20,000, kwenye akaunti namba 88888. Kila alipojaribu kukomboa, shimo likapanuka, hadi Februari 1995 likafika pauni milioni 827. Benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikauzwa kwa pauni moja. Ndiyo, moja.

Wewe akaunti yako ni daftari, na huyo mkopaji hewa wanakikundi watataka kumwona sura. Kikao kijacho simama useme, wakati deni bado linalipika kwa kuuza friji. Watakusema mpaka masikio yawake moto. Lakini Desemba watakupeleka polisi.

Shangazi, mbona abiria wananiita mwizi wa chenji?
— Konda, njia ya Mbagala

Si kila siku, nina hakika. Hesabu ya tajiri ikishatimia, hata mwanafunzi unambeba ukicheka. Isipotimia, mia mbili ya bibi wa watu inasahaulika mfukoni. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la kurusha dadu: watu walidanganya zaidi kukwepa kupoteza pesa kuliko kuipata. Nawe unaamka una deni kabla hujapiga debe! Mwombe tajiri mgawane kinachopatikana. Akikataa, chenji ya watu irudishe hivyo hivyo.

Shangazi, mume wangu akizidiwa kwenye bao hukohoa, ubao unainuka, kete zinamwagika. Nimpeleke hospitali?
— Mke wa Mcheza Bao, Tanga

Kwanza chunguza: anayefungwa ndiye anayelipia kahawa ya baraza zima? Basi kesho mlipie kahawa kabla hajakaa. Kifua kikipona, niandikie haraka. Ndani kwangu kuna mzee anakohoa vilevile.