Shajara ya Mpangaji wa Chumba cha Kati

Jumatatu

Jirani wa chumba cha kushoto amenunua spika mbili. Kwa urefu zinanifika kifuani. Zimeanza kazi saa nane mchana, na sasa ni saa nne usiku.

Nimefunga mlango na dirisha, kwa hiyo mwimbaji simsikii vizuri. Ninachosikia hasa ni besi. Utando wa spika ukienda mbele unasukuma hewa na mgandamizo unapanda; ukirudi nyuma mgandamizo unashuka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakosafiri. Hewa yenyewe inatikisika tu papo hapo ilipo, haihamii chumbani kwangu. Sauti ya mwimbaji hutetemeka mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, na ukuta, kwa uzito wake, hauwahi kuzifuata mbio hizo. Besi hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Hiyo ukuta wetu unaifuata vizuri. Kila wimbi lake lina urefu wa mita 7. Chumba changu kina mita 3, hivyo hakuna wimbi hata moja linaloenea humu ndani kikamilifu.

Wimbo nadhani ni wa mapenzi.

Jumanne

Shemeji amekuja na trei tupu za mayai, mzigo mzima juu ya bodaboda. "Shemeji, studio zote wanatumia hizi," alisema. Tumezigandisha ukutani kwa gundi mpaka magharibi.

Cha kuzuia sauti isipenye ukuta ni uzito. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapata desibeli zipatazo 6 za nafuu. Trei ya mayai ni karatasi. Ilichofanya ni kupunguza kidogo mwangwi wa sauti kali humu ndani, yaani sauti yangu, vijiko vyangu na kikohozi changu. Hivyo vimetulia. Besi sasa inasikika bila kuingiliwa na chochote.

Usiku mende wamehamia kwenye trei.

Jumatano

Nimepakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Mlangoni kwa jirani imesoma desibeli 94. Kiwango hicho ni sawa na badiliko la mgandamizo la paskali 1. Mgandamizo wa kawaida wa hewa usawa wa bahari ni paskali 101,325. Jirani, kwa spika zote mbili, ameitikisa hewa kwa takriban sehemu moja tu kati ya laki moja.

Nilimweleza hayo mwenyekiti wa mtaa ili aone jinsi sikio lilivyo jepesi, kwamba sauti ndogo kabisa tunayoweza kuisikia ni sehemu 20 kati ya milioni moja za paskali. Mwenyekiti alisikiliza kwa makini. Kwenye daftari aliandika: "Mlalamikaji amekiri usumbufu ni paskali moja tu."

Hata hivyo alimwita jirani. Jirani ni mtu muungwana. Alirudi akazima spika moja, akaja kugonga mlango.

"Jirani, nimepunguza nusu. Umeridhika?"

Nusu ni kweli alipunguza, nusu ya nguvu. Kwa desibeli hiyo ni pungufu ya 3, na sikio haliioni sana. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, lazima nguvu ishuke hadi moja ya kumi, yaani desibeli 10. Nilimfafanulia kwamba angekuwa na spika kumi, angezima tisa.

Aliuliza spika kumi zinauzwaje kwa jumla.

Alhamisi

Nimepeleka barua ya malalamiko ofisi husika, ghorofa ya tatu. Lifti haifanyi kazi. Nimepanda ngazi, kama mita 9 hivi kwenda juu.

Kwa kila mita 9 unazopanda, mgandamizo wa hewa hushuka kwa karibu paskali 100. Tikisiko la sauti la paskali 100 lingekuwa kama desibeli 134, kiwango cha kuumiza masikio. Kwenye ngazi nilipishana na watu wengi, wengine wakila karanga. Hakuna aliyeziba masikio.

Siri ni mwendo. Sikio halijali mgandamizo ni mkubwa kiasi gani. Linajali unabadilika haraka kiasi gani. Huanzia mara 20 kwa sekunde, na kwa kijana mzima hufika hadi mara 20,000. Badiliko la polepole kama la ngazi halisikiki, na kijia kinachotoka koo hadi nyuma ya kiwambo cha sikio hufunguka ukimeza mate, mgandamizo wa ndani na wa nje ukalingana. Ndiyo maana basi likipanda milima ya Lushoto masikio huziba, na ukipiga miayo yanazibuka.

Mhusika hakuwepo. Nimeshuka na barua yangu. Paskali 100 nimerudishiwa zote.

Ijumaa

Mawingu yametanda tangu alasiri. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba. Mwanga wa radi hufika papo hapo, ngurumo hutumia kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Mara ya kwanza nimehesabu sekunde 9, kilomita 3. Mara ya pili sekunde 6, kilomita 2. Nilisubiri ya tatu ili nijue mwendo wa mvua.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nguo zimelowa.

Saa moja usiku umeme umekatika na spika zikanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya. Kisha jirani akawasha jenereta, akaiweka kwenye korido, mbele ya mlango wangu, kwa sababu nje kunanyesha. Nimemwomba kwanza aitoe barazani, kwa kuwa moshi wake unaua kabla kelele haijaudhi. Ameitoa. Ni jenereta ndogo ya silinda moja. Injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika na mafuta hulipuka kila mizunguko miwili, yaani milipuko 25 kwa sekunde. Kila wimbi lina urefu wa karibu mita 14. Wimbi refu namna hiyo likikuta pembe ya nyumba huizunguka na kuendelea na safari.

Jenereta inawasha spika.

Jumamosi

Nimeamua kulala kwa shemeji. Kabla ya kuondoka nimekokotoa. Uwanjani pasipo vizuizi, ukiongeza umbali mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Ikiwa ni 80 kwa mita 10, itakuwa 74 kwa mita 20, 68 kwa mita 40, na ukifika mita 1,280 imebaki 38. Kwa shemeji ni mbali zaidi ya hapo.

Usiku ulikuwa shwari, bila upepo. Usiku wa aina hiyo ardhi hupoa mapema, na hewa ya chini huwa ya baridi kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye joto: mita 331 kwa sekunde kwa nyuzi 0, mita 349 kwa nyuzi 30. Kwa hiyo sehemu ya juu ya wimbi hutangulia, na wimbi zima hujipinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani. Saa saba usiku tumesikia kigodoro cha mtaa wa mbali. Shemeji amenifariji kwamba angalau si jirani yangu.

Volkano ya Krakatau ya Indonesia ilipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, mlio wake ulisikika kisiwa cha Rodrigues, huku kwetu Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800. Sauti ilitumia takriban saa 4 njiani. Shemeji alikuwa amekwisha lala.

Jumapili

Mwaka 1660 Robert Boyle aliandika jinsi alivyoning'iniza saa ndani ya chombo cha kioo na kunyonya hewa. Mlio ulififia hadi usisikike. Dawa hiyo ni ya uhakika, ila inataka mpangaji asipumue.

Fundi amekuja kuangalia mlango. Una urefu wa mita 2, na chini yake pana uwazi wa sentimita 2. Hiyo ni asilimia 1 ya mlango. Sauti inayopenya uwazi ikiwa asilimia 1, basi hata mlango ungekuwa wa chuma kinene, hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20. Amegongomea ukanda wa mpira na kulipwa shilingi elfu tano. Sauti ya mwimbaji imekwisha kabisa. Besi ipo.

Msomaji mwenye jirani wa namna hii, trei waachie wenye kuku. Ziba chini ya mlango kwanza, mwombe jirani aisogeze spika mbali na ukuta wa pamoja, na usimwambie apunguze nusu, kwa maana atapunguza nusu. Mwambie abakize moja ya kumi.