Injini Sebuleni kwa Mama

Wiki saba mama yetu aliwapokea wageni barazani, hata mvua ya Kamachumu ikinyesha kwa upepo, kwa sababu sebuleni kulikuwa na injini. Ilikalia tairi kuukuu, imefunikwa kanga, na chini yake tulitandika majani makavu ya mgomba yanywe oili. Ilikuwa 3L ya Toyota, dizeli ya cc 2,779, iliyotolewa kwenye Hiace. Ilivuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza, ikapandishwa huku kwenye Fuso lililokuwa likifuata ndizi.

Uani lilikuwa likiisubiri Land Rover 109 la marehemu baba, Series III, lililofika nyumbani mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Injini yake ya petroli, cc 2,286, ilipasuka bloku. Series III zilikoma kutengenezwa 1985, lakini spea za Hiace unazipata Bukoba mjini bila kuhangaika. Ndiyo hoja aliyoileta kaka. Mama hakuuliza mengi. Aliuza kahawa yake ya msimu ule yote, akampa fedha. Alichotaka ni kwamba gari la mumewe litoke pale uani likijiendesha, lisitoke vipande vipande kwenda kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Injini haikutusumbua hata kidogo. Kilichotutesa ni zile sentimita chache kati yake na giaboksi. Injini ni ya Mjapani, giaboksi ya Mwingereza. Matundu ya bolti hayaelekeani. Nati za huku ni za milimita, za kule ni za inchi, na spana 14 inaikataa nati ya 9/16 kwa tofauti isiyofika nusu milimita. Matundu yalipata dawa mapema: fundi alichora pande zote mbili kwenye kartoni, kaka akapanda basi hadi Katwe, Kampala, akakatiwa bamba nene la chuma la kuunganishia. Kutoka Bukoba, Kampala ni kama kilomita 300, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,300. Ndiyo maana mtu wa Kagera akikosa spea, macho yake huelekea mpakani Mutukula.

Bamba likaja, likakaa sawasawa. Fundi akaweka mezani klachi pleti ya Toyota na shafti ya giaboksi ya Land Rover. Haikuingia. Akaipaka grisi, akaigeuza, ikakataa. Mama alikuwa ameketi pembeni na kikapu chake cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni. Akaivuta shafti kwake, akatia alama ya mkaa kwenye jino la kwanza, kisha kila jino aliloligusa kwa ukucha aliliwekea punje moja mezani. Punje 10. Akafanya vivyo hivyo kwenye kitovu cha pleti. Punje 21.

"Fundi, waitu," akasema, "hivi viwili havijawahi kuonana."

Mafundi wanaijua dawa yake. Hung'olewa kitovu cha pleti ya Land Rover kikapigwa riveti kwenye pleti ya Toyota, ili duara la nje lifuate flaiwili na katikati pafuate shafti. Ilihitajika pleti ya zamani tu. Nayo kaka alikuwa ameiuza kwa kilo siku aliyosafisha uwanja. Usiku ule kila mtu alikula peke yake. Kesho yake kaka akarudi Kampala, soko la Kisekka, akazunguka siku mbili. Kila kibanda kilimwambia alete ya zamani wapime. Aliporudi mikono mitupu mama hakumsema. Alimpakulia ndizi na maharage, akamwambia ale kwanza.

Pleti ilipatikana Nshamba, msibani. Mama aliona kifuniko cha pipa la maji kimekandamizwa na chuma cha duara, akainama, akahesabu. Kumi. Hakuomba siku ile, maana msiba ni msiba. Alirudi baada ya matanga na mkungu wa ndizi kichwani, akakipata.

Injini ikawaka. Tulishangilia, na furaha ile nusura ituue. Tukiteremka kuelekea Muhutwe, mama akiwa kiti cha mbele, kaka alikanyaga breki akakuta pedeli ngumu kama jiwe. Akashusha gia moja baada ya nyingine, gari likaja kusimama kwenye tuta la udongo kando ya barabara. Hakuna aliyeumia. Breki za gari lile husaidiwa na vakyumu, ambayo injini ya petroli huivuta yenyewe kwenye manifoldi. Dizeli hii haiwezi. Toyota waliifungia pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya oltaneta. Aliyetuuzia injini alikuwa ameivua oltaneta ile akaiuza peke yake, nasi tukafunga ya zamani. Jambo hili bado linaniuma. Wiki saba tulihesabu meno na nati, na kati yetu sote hakuna aliyeuliza breki zitasaidiwa na nini.

Sasa oltaneta yenye pampu ipo, na namba mpya ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Jumamosi mama hupanda gari la mumewe kwenda Muleba mjini, na wageni wake wamerudi sebuleni.

Ewe unayetaka kufanya hivi, usikubali injini itoke dukani bila oltaneta yake, flaiwili yake na klachi yake. Na kama nyumbani kwako kuna klachi pleti ya 109 iliyokwisha, tafadhali usiipeleke kwenye mzani. Kitovu chake kuna mtu anakitafuta.